Mtetemeko wa Chausiku

Mbwa hutetemeka kwa sababu nyingi, na mtu aliye karibu naye huchagua ile anayoijua. Mwenye kusikia baridi huona baridi. Mwoga huona woga. Anayeishi jirani na bustani ya nyanya zinazopigwa dawa huona sumu, na pengine huwa hakukosea, kwani dawa za kuulia wadudu zinaweza kumtoa mbwa mate, zikamtetemesha misuli, na kumuua siku hiyohiyo.

Chausiku alikuwa jike mdogo mweusi, wa kizazi kisicho na jina, tuliyeishi naye Moshi. Alizaa watoto 6. Katika wiki ya tatu, asubuhi moja ya Julai, alitoka kwenye boksi lake akihema kama aliyekimbizwa, akazunguka uani, akarudi, akatoka tena. Watoto walilia, naye hakuwajali. Ilipofika saa nne miguu ya nyuma ilikuwa imekakamaa, akitembea kama kiti kinachosukumwa. Kisha mtetemeko ukaanza usoni, ukashuka mabegani, ukaenea mwili mzima.

Julai kwetu ni mwezi wa baridi. Jirani, mama mwenye huruma, akaja mbio na blanketi. "Mfunike, baba. Mzazi huyu ameingiwa na baridi." Jirani wa pili alisimama langoni, mbali, akanionya juu ya kichaa cha mbwa. Hilo si neno la kupuuza: ugonjwa huo bado unaua watu, na mbwa aliyebadilika ghafla hatiwi mkono mdomoni, hata akiwa wako. Wa tatu alinong'ona habari za degedege, na sauti yake ilionyesha kwamba hakukusudia degedege ya hospitali.

Nilimgusa tumboni. Alikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Mkono si kipimajoto, lakini unaweza kushuku. Nikalirudisha blanketi kwa shukrani, tukawaacha watoto na mke wangu, nikampakia Chausiku kapuni kwenda kwa daktari wa mifugo.

Daktari, mzee wa maneno machache, hakuanza na sindano. Alianza na maswali: amekula nini, alichanjwa lini, amezaa lini, watoto wangapi. Nilipotaja 6 na wiki 3, akainua kichwa. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39. Kipimajoto kilisoma 41.

Alinieleza huku mikono yake ikifanya kazi. Maziwa huchukua kalsiamu kutoka katika damu ya mama; watoto wakiwa wengi na mama akiwa mdogo, hutoka nyingi kuliko mwili unavyowahi kurudisha. Ikipungua, mishipa ya fahamu hukosa wa kuituliza, ikaiamrisha misuli ikaze bila sababu. Misuli inayokaza saa nzima ni tanuri. Kumbe hakutetemeka kwa homa. Alipata joto kwa kutetemeka, na lile blanketi lingekuwa kuni.

Akaiingiza kalsiamu mshipani polepole mno, kidole kwenye bomba la sindano, masikioni kifaa cha kusikilizia moyo. Ikiingia kwa haraka, moyo unaweza kusimama. Nilitazama saa ya ukutani. Zilipita dakika 15. Bomba lilikuwa halijaisha uso ulipotulia, kisha mabega, kisha miguu ikalegea kama ya mbwa aliyelala juani.

"Daktari, akishika mimba tena nimpe kalsiamu mapema?"

"Usimpe. Mwili ukipewa bure wakati wa mimba huzembea kuitoa kwenye mifupa, na siku ya kuihitaji huikosa. Mpe chakula kizuri. Ila kwa ushauri wangu, asizae tena."

Nadhani jibu hilo ndilo lililonishangaza zaidi siku ile.

Watoto tuliwanywesha kwa chupa, kwa zamu, na uji mwepesi tukauanza mapema. Chausiku alikatazwa kuwanyonyesha. Usiku ule alilala nje ya mlango wa chumba walimokuwa, pua yake kwenye upenyo wa chini. Nilipopita na taa nikaona anatetemeka tena, kidogo. Nikachuchumaa, nikamgusa tumbo. Lilikuwa vuguvugu tu. Ndani, watoto walikuwa wakilia.