Vakansi ku Zambia: Si Njia ya Bunga Tu

Sisi watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunasema tunajua Zambia. Tunaijua namna gani? Tunajua mupaka wa Kasumbalesa, malori yaliyojipanga na mifuko ya bunga. Ukiuliza mutu alienda kufanya nini kule, atakujibu: «Nilienda kununua bintu, nikarudia.» Ni wachache waliokwenda kuangalia inchi tu, pamoja na bibi na watoto. Kumbe jamaa inayoweka makuta kidogo kidogo inaweza kupata kule vakansi ya kweli. Tuipange basi pamoja, toka miji mpaka pori.

Mbele ya kutoka

Anzeni miezi sita mbele. Baba na mama waketi pamoja na watoto na kuhesabu: paspoti, viza, bisi, kulala, kula. Ulizeni kwanza ku konsula ya Zambia, Lubumbashi, karatasi gani zinaombwa. Musishike maneno ya watu wa njiani. Musisahau karte ya shindano ya homa ya manjano, wala karatasi ya kuzaliwa ya kila mutoto.

Kisha gaweni feza mara mbili: nusu ya miji, nusu ya pori. Ile ya pori ifungwe kando, sababu muji unakula haraka. Jamaa nyingi zinamaliza yote ku magazini ya Lusaka, na pori wanalisikia tu.

Wakati muzuri ni mwezi wa saba na wa nane: masomo yamefungwa, mvua hakuna. Lakini usiku ni baridi, mubebe makoti. Na mukivuka mupaka, mulinde watoto: kule magari yanapita upande wa kushoto. Mwenye kuvuka barabara aangalie kwanza kuume.

Miji

Mwanzo ni Ndola. Kando ya muji kuna pahali ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mukuu wa ONU, ilianguka usiku wa tarehe 17 kuelekea 18 mwezi wa 9, 1961. Alikuwa anakuja kusemezana na Moïse Tshombe ili vita ya Katanga isimame. Watu 16 walikuwa ndani, wote walikufa. Leo pale ni pahali pa ukumbusho. Kijana wa kwetu akifika pale, ataona kwamba sehemu ya historia ya wazee wake iko ngambo ya mupaka.

Mukishuka kwenda Lusaka mutapita Kabwe. Pale, mwaka 1921, wachimbaji wa mugodi walipata fuvu la mutu wa zamani sana; sasa liko London. Mugodi ulifungwa mwaka 1994, lakini udongo wa mitaa ya karibu ungali na sumu ya risasi, na watoto wanaugua. Sisi watu wa migodi tuyafikiri hayo.

Kwa Lusaka, siku mbili zinatosha. Muone muzeo wa taifa, uliofunguliwa mwaka 1996, na sanamu ya mutu anayekata minyororo, ukumbusho wa waliopigania uhuru wa tarehe 24 mwezi wa 10, 1964. Halafu mutembee Cairo Road, lakini mufuko mufunge.

Pori

Hapa kuna njia mbili. Kama makuta yanatosha, mushuke mpaka Livingstone, kilometa karibu 470 toka Lusaka, muone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, maana yake «Moshi unaonguruma». Upana wake ni metre karibu 1.700, na maji yanaanguka metre zaidi ya 100. Musingoje mwezi wa kumi, sababu wakati ule upande wa Zambia maji yanapunguka sana.

Kama makuta ni kidogo, murudie Chingola, karibu na kwetu. Munashika njia ya Solwezi, kisha barabara ya udongo, mpaka Chimfunshi. Inaomba kukodi gari, na kuuliza mbele kama pa kulala papo. Kule, tangu 1983, wanalea sokomutu zaidi ya mia moja katika pori lililozungushiwa senyenge. Zambia haina sokomutu wa pori. Wa kwanza, kitoto mwenye vidonda, alikuwa amenyanganywa wawindaji waliomutoa kwetu Kongo. Na wengi waliofuata walitoka kwetu vilevile. Ili kushika kitoto kimoja, wawindaji wanaua mama yake, na mara nyingi wengine wanaomutetea.

Muwaache watoto waangalie mukono wa sokomutu, wenye vidole na kucha sawa yetu. Siku mutu atakayowaletea kitoto cha kuuzisha ku mulango, hawatauliza bei.

Kama munataka kwenda vakansi zinazokuja, anzeni mwezi huu. Mutafute sanduku mbili, mandikeni «Muji» ku moja na «Pori» ku ingine. Ile ya pili, ufunguo wake apewe mutoto mukubwa.