Mama wa Watoto Elfu

Katika hadithi za kutisha zilizoandikwa Marekani kabla ya Vita Vikuu vya Pili limo jina moja ambalo mimi, kila nilisomapo, hulisoma kwa ulimi mzito. Jina lenyewe ni Shub-Niggurath. Aliyelitunga ni H. P. Lovecraft, mtu wa mji wa Providence, aliyezaliwa mwaka 1890 akafa mwaka 1937, maskini wa fedha na tajiri wa ndoto mbaya. Ni jina la mungu wa kike, na lakabu yake ni Mbuzi Mweusi wa Mwituni Mwenye Watoto Elfu.

Yanipasa kwanza kueleza hadithi hizi ni za namna gani, kwani msomaji aliyelelewa kwa Alfu Lela Ulela na visa vya majini aweza kudhani kuwa ni jamaa moja. Si jamaa moja. Jini wetu ana tabia kama ya mtu: hukasirika, hupenda, hutaka ubani na marashi, na akipungwa hutoka. Miungu ya Lovecraft haimtaki mtu wala haimchukii. Ilikuwako kabla yake, itakuwako baada yake, na mtu akiiona hupotewa na akili kwa sababu ya kutambua udogo wake tu. Hofu iliyomo humo ni ile ya mtu atazamaye nyota usiku, kisha likamjia wazo kwamba hapana hata moja imtazamayo yeye.

Jambo la ajabu katika huyu Shub-Niggurath ni kuwa haonekani. Alitajwa mara ya kwanza mwaka 1928 katika The Last Test, hadithi ambayo Lovecraft aliitengeneza upya kwa ujira kwa ajili ya mtu mwingine, Adolphe de Castro. Tangu hapo jina likaingia katika The Dunwich Horror ya 1929, The Whisperer in Darkness ya 1931, The Dreams in the Witch House ya 1933, na nyingine kadha wa kadha. Na aghalabu huwa ni ukelele tu wa watu wanaoabudu gizani. Katika hadithi zile ambazo ni zake mwenyewe msomaji hapewi hata kwato za mbuzi huyo. Waliokuja nyuma yake ndio waliompa mwili: Ramsey Campbell alimwonyesha katika The Moon-Lens mwaka 1964, na mchezo uitwao Call of Cthulhu, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, ukawapa watoto wake maumbo kama ya miti yenye kwato na vinywa vingi. Nathubutu kusema kuwa wote hao walimpunguza. Mzazi asiyeonekana, ambaye habari zake zote ni idadi ya watoto wake, anatisha zaidi.

Wachunguzi wamesema kuwa sauti ya jina hilo yamkini ilitoka kwa Lord Dunsany, mwandishi ambaye Lovecraft alimpenda sana, na ambaye katika hadithi yake moja ya mwaka 1910 alimtaja mungu aitwaye Sheol Nugganoth. Huenda ikawa hivyo. Lakini sikio nalo lina kumbukumbu zake, na mtu mweusi asomaye jina lile kwa sauti husikia katikati yake tusi ambalo babu zake waliitwa. Wala si kwamba namsingizia marehemu. Barua zake na baadhi ya mashairi yake ya ujanani yanamshuhudia kuwa aliwadharau watu weusi, Wayahudi, na wageni wa kila namna. Na The Horror at Red Hook, iliyochapishwa mwaka 1927, yawaeleza wahamiaji wa Brooklyn kama wadudu waliomwagika kutoka shimoni. Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria, aliposhinda World Fantasy Award mwaka 2011 alipewa sanamu ya kichwa cha Lovecraft kuwa ndiyo zawadi, naye akaandika waziwazi juu ya uzito wa kuiweka nyumbani sanamu ya mtu ambaye angalimdharau. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa sanamu hiyo haitatumika tena.

Mimi nilizisoma hadithi hizi nikali mwanafunzi, na nilizipenda kabla ya kuyajua hayo. Sioni haja ya kuficha. Nilipoyajua nilirudi nyuma kuuliza ni nini hasa kilichomtisha mtu huyu, na nadhani niliona jibu katika hadithi yake moja ya mwaka 1921, Facts Concerning the Late Arthur Jermyn. Humo Mwingereza mmoja wa ukoo wa heshima afunga safari mpaka Kongo kutafuta ukweli wa hekaya aliyoipenda babu wa babu zake. Asimuliwa habari za mji wa kale wa mawe na za mungu wa kike aliyeabudiwa na nyani weupe. Hatimaye maiti iliyokaushwa ya mungu huyo yamfikia kwake Uingereza ndani ya sanduku. Shingoni ina kidani chenye nembo ya ukoo wa Jermyn, na uso wake unafanana na uso wake yeye. Yule aliyeabudiwa mwituni ndiye bibi yake. Arthur Jermyn ajimwagia mafuta akajichoma moto.

Kwa maoni yangu Shub-Niggurath ni huyo huyo, aliyeondolewa Kongo akawekwa katika falaki. Yaani kilichomtisha Lovecraft si kifo. Kifo alikizungumza kwa utulivu kama mtu azungumzavyo habari za hali ya hewa. Kilichomtisha ni uzazi: kwamba damu huchanganyika, kwamba wengine huzaa kwa wingi, kwamba nyuma ya kila ukoo safi yuko mama ambaye nembo haimtaji. Baba yake alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1893, mtoto akiwa na umri wa miaka miwili. Mama yake akapelekwa hospitali ile ile mwaka 1919, akafia huko mwaka 1921. Yeye mwenyewe alioa mwaka 1924, na hakuacha mtoto. Sitaki kumfanya mtu kuwa fumbo la wazazi wake, kwani ni mchezo rahisi. Lakini mtu akiyajua hayo hawezi kuisoma ile lakabu ya watoto elfu kwa kicheko.

Nami sicheki, kwa sababu zangu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga katika kijiji kimoja karibu na Pangani. Vifaa vyake vilikuwa wembe, uzi, mafuta ya nazi, na mikono ambayo kwayo aliweza kujua mtoto amelalaje tumboni. Kondo la nyuma alilizika migombani kwa mkono wake, wala hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Usiku mmoja, nikiwa na umri wa miaka kumi, mama mdogo alishikwa na uchungu nyumbani kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuketi ukumbini na taa. "Mume wangu, lete maji," Bibi aliniita kwa mzaha wake wa kila siku, kisha akaniita tena bila mzaha, kisha hakuniita kabisa. Alfajiri mtoto alilia. Mama mdogo alikuwa amekwisha. Bibi alimwosha mtoto kwanza, ndipo akarudi kwa bintiye. Na baada ya arobaini aliitwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akachukua wembe wake akaenda.

Basi mtu akiniambia kuwa uzazi ni jambo la kutisha, sina la kumpinga. Nimeusikia mlangoni.

Yule mtoto, mdogo wangu, leo ni mama wa watoto wanne. Nilipata kumsimulia habari za Mbuzi Mweusi, nikazipamba kidogo kama ilivyo desturi ya wasimulizi. Alisikiliza huku akichambua mchele, akauliza, "Kaka, na hao watoto elfu, alizalishwa na nani?" Nilimjibu kuwa ni mungu, hahitaji mkunga. Akasema kuwa huo ni uongo wa mwanamume.

Nilirudi vitabuni. Katika The Dunwich Horror yuko Lavinia Whateley, mwanamke maskini wa kijijini ambaye baba yake mwenyewe amtoa ili azae na kitu kisicho cha ulimwengu huu. Mwana azaliwa tarehe 2 Februari 1913. Mwandishi ataja kuwa usiku ule mbwa wote walibweka, na kilio cha kuogofya kikasikika juu ya kelele za mbwa na za vilima. Na aongeza, kwa maneno machache kama karani ajazaye daftari, kuwa hapakuwa na daktari wala mkunga ajulikanaye aliyehudhuria. Nilikuwa nimeyapita maneno hayo mara nyingi. Mwaka 1926 Lavinia atoweka, na hadithi yaendelea na mambo ya wanawe wawili pasipo kumtafuta. Kilio kile kimewekwa pale kuwatisha jirani. Aliyekitoa hakuulizwa neno.

Hapa ndipo ninapogombana na Lovecraft kuliko pale penye matusi yake, maana matusi ni ya zama zake na ya moyo wake mdogo, lakini huku ni kushindwa kwa kazi yenyewe. Mtu aliyefikiri juu ya umri wa nyota hakuweza kufikiri juu ya chumba kimoja.

Walakini sharti niseme pia kuwa mara moja au mbili mkono wake ulimwendesha asikokusudia. Katika The Mound, aliyoiandika kwa niaba ya Zealia Bishop, Shub-Niggurath ana hekalu chini ya ardhi na afananishwa na Astarte, mungu wa kale wa Wafoinike, jambo ambalo lamrudisha katika jamii ya miungu wazazi waliopendwa na watu. Na katika Out of the Aeons ya 1935, iliyoandikwa kwa niaba ya Hazel Heald, Mama huyo yu upande wa wanadamu. Juu ya mlima wakaa Ghatanothoa, ambaye amtazamaye hukauka mwili ukawa kama jiwe na ngozi, ilhali akili yabaki hai ndani. Kuhani T'yog, mtumishi wa Mama, aamini kuwa Mama na wanawe wako tayari kuwatetea watu, naye aandika hirizi katika karatasi ya kukunjwa ili apande kumshinda adui. Usiku makuhani wa adui waiiba karatasi wakaweka nyingine isiyo na nguvu. Asubuhi T'yog apanda mlima mbele ya watu wote, na ile ya bandia ndiyo aliyonayo, naye haachi kupanda mpaka atoweka machoni mwao, na hakurudi.