Siku Mbili za Iskandaria

Inshallah, tukitoka Kairo tutakuwa na siku mbili tu Iskandaria, na magoti ya mama yetu, mwenye miaka 78, hayapendi haraka. Ilitubidi tuchague. Watoto tumewapa asubuhi ya kwanza katika Ngome ya Qaitbay, iliyojengwa mwaka 1477 palipokuwa na mnara wa kale wa kuongozea meli. Maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2002 tumeiacha, nasi tunaijutia. Siku ya pili nzima ni ya mama: msikiti wa Imamu al-Busiri, mtunzi wa Burda, ambayo mama aliihifadhi chuoni huko Lamu. Unatazamana na msikiti wa Abul-Abbas al-Mursi. Hapo hatutamharakisha. Treni ya kurudi tumechagua ya usiku.