Kofia ya Kuogea: Tajriba ya Mfasiri

Wapo wanaoshikilia kwamba mfasiri hujikwaa kwenye methali, mafumbo na dhana za kifalsafa. Tajriba yangu ni tofauti. Mimi nilijikwaa kwenye kofia.

Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri hadithi fupi ya Kiingereza, iliyoandikwa kati ya vita vikuu viwili vya dunia, ili itumike katika semina ya wanafunzi wa uzamili. Ndani yake mna mama aliyefiwa na bintiye baharini. Kila alfajiri huitungua msumarini kofia aliyokuwa akiivaa marehemu, akateremka nayo hadi ufuoni, kisha akarejea nayo ikiwa kavu. Mwandishi aliiita "bathing cap". Nami, kwa kuona kwamba neno la kwanza lahusu kuoga na la pili ni kofia, niliandika "kofia ya kuogea", nikaendelea na kazi.

Mwanafunzi mmoja aliandika insha akidai kwamba hadithi hiyo ni tashtiti. Hoja yake ilikuwa kwamba mama yule anabeba hadi baharini kifaa cha bafuni, yaani ile kofia ya nailoni ambayo mtu huivaa ili nywele zisilowe anapokoga. Kwa hiyo, alisema, mwandishi anaikejeli huzuni isiyojua mahali pake. Insha ilikuwa na mpangilio mzuri na ushahidi wa kutosha. Hata hivyo, niliandika pambizoni kwa wino mwekundu, "Hujaisoma hadithi," nikampa alama za chini. Alikuja ofisini kuniuliza, "Samahani, Mwalimu, kofia ya kuogea si ile ya bafuni?" Nilimjibu kwamba mhakiki hufuata muktadha, hafuati kamusi. Alishukuru, akatoka.

Ilikuwa baadaye sana, nilipokuwa nikiipitia tafsiri ile upya, ndipo nilipojiuliza ni nani kati yetu ambaye hakuisoma hadithi.

Tuanze na Kiswahili. Kutokana na oga tunapata ogea, na kutokana na ogea tunapata ogelea. Kauli ya kutendea inaporudiwa, aghalabu huleta maana ya kuzidi au kudumu. Ndivyo ilivyo katika enda, endea, endelea. Na vilevile katika shika, shikia, shikilia. Anayeoga hujisafisha, ilhali anayeogelea hudumu majini na kusonga mbele. Tofauti hii imekomaa kiasi kwamba msomaji wa leo akikutana na "kuogea" bila maelezo zaidi, huona sabuni na ndoo. Mwanafunzi wangu alikisoma Kiswahili kama nilivyokiandika. Mimi, niliyekuwa na matini asilia kichwani, nilisoma kisichokuwapo.

Kwa upande wa Kiingereza, kosa langu lilikuwa la wakati. Katika Kiingereza cha Uingereza cha enzi ile, kitenzi "bathe" kilitumika sana kwa maana ya kuingia baharini kwa burudani. Siku hizi walio wengi husema "swimming cap", na jina la awali limebaki na harufu ya kale: kofia za mpira zilizoenea katika miaka ya 1920, ukanda uliofungwa chini ya kidevu, na likizo za ufuoni. Nilikuwa nimetafsiri maneno bila kutafsiri umri wake.

Je, ingetosha kuandika "kofia ya kuogelea"? Kifaa kingekuwa sahihi, lakini istilahi hii sasa imefungamana na mashindano, vidimbwi na kanuni. Tukumbuke kwamba mwaka 2021, kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilikataa kofia pana zilizobuniwa kwa ajili ya nywele nene za watu weusi, kisha likaziidhinisha mwaka 2022. Hiyo ni kofia ya mwanamichezo. Binti wa hadithi yetu hakuwa akishindana na mtu.

Suluhisho nililipata katika methali tunayoitumia kila siku: maji ukiyavulia nguo, yaoge. Hapa kuoga hakuhusu sabuni. Ni kuingia majini baada ya kwisha kuamua. Huko Makunduchi, Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa imehifadhi katika jina lake umbo la koga, nao unaokogwa ni mwaka wenyewe. Kumbe kitenzi nilichokiona kuwa chembamba kina upana wa kutosha. Kilichokosekana katika tafsiri yangu kilikuwa neno moja tu la mahali. Sasa nimeandika "kofia ya kuogea baharini". Msomaji hatajikwaa bafuni, wala hatampeleka marehemu mashindanoni, na ukale wa usemi umebaki.

Nilimwandikia mwanafunzi yule barua ya kuomba radhi. Alama zilikuwa zimekwisha kuidhinishwa na bodi ya watahini, na hapakuwa na njia ya kuzirudia. Alinijibu kwa adabu kwamba anafundisha Kiswahili katika shule ya upili, na kwamba angependa kuiona tafsiri mpya. Nilimpelekea nakala. Alama zake zimebaki vilevile.

Sisi tunaofundisha fasihi ya tafsiri hupenda kuamini kwamba usomaji potovu huanzia kwa msomaji. Pengine ndivyo, mara nyingi. Lakini msomaji wa tafsiri hana mahali pengine pa kusimama isipokuwa juu ya maneno tuliyompa. Akianguka, na tuanze kwa kuukagua ubao tuliomtandikia kabla ya kuulaumu mwendo wake.