Kitufe cha Ruhusu

Mwaka jana kompyuta yangu hapa Tengeru ilipatwa na wazimu. Kila dakika chache kijisanduku chekundu kiliruka pembeni mwa kioo: una virusi vitano, lipa sasa. Nilimwita mjukuu wangu wa kidato cha tatu, nikamgombeza kama nilivyowagombeza watoro enzi za ualimu mkuu. Michezo yake ndiyo iliyoleta maradhi. Hakujibu. Kwa wiki mbili hakuigusa kompyuta, wala hakukaa nami sebuleni jioni.

Nikaipakata ndani ya daladala mpaka kwa fundi mjini Arusha. Programu yake ya kusaka virusi haikukuta kitu. Ndipo akafungua mipangilio ya kivinjari, penye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa. Moja ilikuwa ngeni.

"Mzee, hii hailazimishi. Huomba ruhusa, ikapewa."

Nikakumbuka. Alfajiri moja, nyumba nzima imelala, nilikuwa natafuta dawa ya kutu ya majani ya kahawa. Ukurasa ukaniambia nibonyeze Ruhusu ili kuthibitisha kwamba mimi si roboti. Mwalimu wa miaka yote hiyo, nikabonyeza! Vitisho vyote vilikuwa matangazo ya walaghai tu. Fundi aliifuta ruhusa ile, vikakoma.

Nilimkuta kijana akiwakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ni mimi niliyebonyeza, si wewe. Nisamehe."

Akatazama panga lake kwa muda, kisha akaniuliza kama fundi alinichapa.