Kafaulu ama Kafeli?

Mama mkwe wangu, aliyeko Tanga, aliniuliza swali moja kwa simu nami nikashindwa kulijibu: "Mwanangu, mjukuu wangu kafaulu ama kafeli?" Ilikuwa mwezi Mei, miaka mitatu iliyopita. Mkononi nilishika karatasi ya shule ya binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka 10, nayo haikutaja kufaulu wala kufeli. Iliandikwa 2.66.

Tunaishi Nürnberg, katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Mzazi aliyezoea mtihani wa taifa wa darasa la saba atashangaa kusikia kwamba nchi hii ina majimbo 16, na kila jimbo lina sheria zake za shule. Katika majimbo mengi shule ya msingi huchukua miaka minne tu. Berlin na Brandenburg ni sita. Kisha watoto hutenganishwa. Kwetu Bavaria njia kuu ni tatu: Gymnasium, ielekeayo chuo kikuu, Realschule, inayokoma darasa la kumi kwa cheti cha kati, na Mittelschule, inayowaandaa wengi kwa kazi za ufundi. Yako majimbo ambayo mzazi ndiye mwenye kauli ya mwisho. Bavaria kauli hiyo ni ya alama.

Huhesabiwa masomo matatu: Kijerumani, hisabati, na maarifa ya jamii na mazingira. Alama 1 ndiyo bora, 6 ndiyo ya chini kabisa. Wastani usiozidi 2.33 hufungua mlango wa Gymnasium, usiozidi 2.66, ule wa Realschule. Binti yetu alipata 2 ya hisabati, na 3 katika mengine mawili. Lau Kijerumani kingekuwa 2, angeingia Gymnasium. Lau hisabati ingekuwa 3, angekwenda Mittelschule.

Hicho Kijerumani ndicho kilichoniumiza. Mwalimu wake, mama mpole, alikuwa ametushauri tuzungumze Kijerumani nyumbani. Mume wangu aliafiki. Mimi nilikataa, nilisema, mtoto huyu atazungumzaje na bibi yake? Karatasi ilipokuja, mume wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na kimya chake kilinilemea kuliko lawama. Usiku nilijiuliza kama nimeiuza kesho ya mwanangu kwa ajili ya lugha yangu.

Palikuwa na nafasi moja zaidi: masomo ya majaribio ya siku tatu katika Gymnasium yenyewe. Nilisali istikhara. Baba yake alitaka ajaribu. Tulipomwuliza mwenyewe (nakiri kuwa ndiyo mara ya kwanza tulimwuliza) akasema: "Mama, nikishindwa na huko, nitakuwa nimeshindwa mara mbili?" Hatukumwandikisha.

Baadaye ndipo nilipoelewa yale ambayo ningepaswa kuyajua mapema. Mwanafunzi wa Realschule mwenye alama nzuri aweza kuendelea na masomo ya juu na hatimaye kufika chuo kikuu. Na njia ya ufundi huku si jalala la walioshindwa. Kijana huajiriwa kama mwanagenzi, hulipwa posho kila mwezi, na hugawa muda wake kati ya karakana na shule ya ufundi. Fundi bomba aliyetutengenezea mitambo ya kupasha nyumba joto alisomea kazi hiyo miaka mitatu na nusu, na aliifanya kwa adabu ya mtu anayejua thamani yake.

Hata hivyo sijaridhika. Miaka 10 ni mapema mno kumpangia mtoto njia. Uchunguzi wa PISA wa mwaka 2000 uliwashtua Wajerumani wenyewe, kwa kuwa ulionyesha jinsi matokeo ya mtoto yanavyofungamana mno na hali ya nyumba aliyotoka. Anayezaliwa kwenye vitabu vya Kijerumani huanza safari akiwa nusu ya njia.

Binti yetu sasa yuko darasa la saba la Realschule, na amechagua mkondo wa hisabati na sayansi. Wiki iliyopita bibi yake alipiga simu. "Darasa la saba! Basi mwaka huu una mtihani, mjukuu wangu?"

"Hapana, bibi. Huku ni tofauti. Una muda nikueleze?"

Alimweleza kwa Kiswahili, karibu nusu saa. Mume wangu aliacha kusoma gazeti akawa anasikiliza.