Mashudu Yaliyoishia Mferejini

Kwa miaka mingi niliamini kwamba maziwa ni mashudu. Yakipungua, naongeza. Huku kwetu Machame hatuna pa kuchungia. Ng'ombe anakula bandani mwaka mzima, na kiangazi kikikaza anakula migomba iliyokatwakatwa na mabua tunayoyapandisha kwa gari kutoka tambarare. Kiangazi kimoja nilifika sado nzima ya mashudu ya alizeti kwa siku, kwa ng'ombe mmoja, na nyingine nilikopa.

Maziwa hayakupanda. Kilichopanda ni harufu. Nikifungua banda alfajiri macho yanachoma mpaka machozi. Nikadhani ni uchafu, nikawa naosha sakafu mara mbili kwa siku. Juu ya hayo, ng'ombe alirudia joto mara tatu, na kila chupa ya mbegu ni hela.

Bwana mifugo alipokuja alisimama mlangoni, akanusa. "Mama, mashudu yako hayo hapo mferejini."

Alinieleza jambo ambalo ningependa kulijua tangu naolewa. Anayekula mashudu kwanza si ng'ombe, ni vijidudu wanaoishi katika tumbo lake la kwanza. Wanaivunja sehemu kubwa ya protini ikawa amonia, kisha kwa amonia hiyo wanajenga miili yao. Wao wenyewe wakishuka kwenye matumbo yanayofuata wanameng'enywa, na hao ndio nyama ya ng'ombe anayekula majani. Lakini kazi ya kujenga inataka nguvu, yaani wanga na sukari. Mgomba ni maji, bua ni ugumu. Nilikuwa nawapelekea mafundi matofali na kuwanyima chakula. Amonia ikikosa kazi inaingia kwenye damu, ini linahangaika kuigeuza urea, na nguvu ambayo ingekuwa maziwa inatumika kutoa mkojo.

Kinyume chake nimekiona pia, na kiliniuma zaidi. Mabua matupu yana protini kama asilimia 4, na vijidudu wanahitaji karibu 7. Chini ya hapo wanadhoofu, chakula kinakaa tumboni bila kusagika, ng'ombe anakula kidogo zaidi kila siku. Tumbo limejaa, mbavu zinahesabika, nasi tunasema ameshiba.

Nilirudi nusu sado, nikaigawa asubuhi na jioni, ikachanganywa na pumba za mahindi. Mabua nikayakatakata na kuyanyunyizia molasi iliyozimuliwa. Kwenye kingo za matuta nikapanda miti ya malisho ya kaliandra. Watafiti waliofanya kazi na wafugaji wa Embu, Kenya, waliona kilo 3 za majani yake mabichi zinafanya kazi ya karibu kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Mabichi, nasisitiza, yakikauka ng'ombe wangu anayabagua.

Vijana wananiuliza habari za urea ya mbolea, kwa kuwa ni rahisi. Inalisha vijidudu kweli, ikipimwa na kuchanganywa sawasawa na chakula chenye nguvu. Mimi siigusi. Nilishamwona ng'ombe wa jirani akitetemeka na kutokwa na povu baada ya kunywa maji yaliyoyeyushiwa urea, akafa kabla msaada haujafika.

Harufu ilipungua ndani ya wiki. Maziwa yaliongezeka lita moja na nusu, kwa mashudu nusu ya yale ya awali. Joto lililofuata, ng'ombe alishika mimba kwa chupa moja.